KEEZO NA KOLEO YAKE
Jinsi Mafundi Walivyojifunza Kukishika Kitu Katikati

Wasikilizaji wetu, katika mazungumzo haya twataka kuwaeleza habari za chombo ambacho wengi wenu hamjapata kukiona kwa macho, ijapokuwa kazi yake mwaitumia kila siku. Mtu apandaye baiskeli, mama apelekaye mahindi kwenye mashine ya kusaga, fundi cherehani akanyagaye kwa mguu, wote hao hutegemea kwamba mahali fulani palikuwa na fundi aliyekishika kipande cha chuma barabara, akakichonga kikawa mviringo, kisha akakitoboa tundu lililokaa katikati hasa. Tundu likienda kando hata kwa unene wa unywele, gurudumu hutikisika, mafuta hukauka upesi, na chuma hula chuma mpaka kitu chote kikaharibika. Watu hudhani ya kuwa ugumu wa kazi hiyo ni kukata chuma. Lakini chombo kilichonolewa vema hukata. Lililowasumbua mafundi kwa karne nyingi ni namna ya kukishika kitu kile wakati kinapozunguka.

Mashine ifanyayo kazi hiyo huitwa keezo. Neno hili si geni pwani, maana mafundi wa huko wamekereza matendegu ya vitanda tangu zamani. Katika useremala wa kawaida ubao hutulia na randa huenda; katika keezo mambo ni kinyume chake, kwani kitu huzunguka na patasi hushikwa mahali pamoja. Kila sehemu iliyochomoza hupita mbele ya makali na kukatwa, mpaka isibaki sehemu iliyo mbali na kati kuliko nyingine. Hapo ndipo mviringo unapopatikana.

Sanamu ya kale sana ya keezo ijulikanayo imo katika kaburi la Petosiris, kuhani wa Misri, nayo ni ya miaka 300 hivi kabla ya kuzaliwa Kristo. Waonekana watu wawili: mmoja avuta kamba iliyozungushwa kwenye kitu, huku na huku, na mwenziwe ameshika chombo cha kukatia. Mtu aliyemwona fundi wa majahazi akitoboa ubao kwa keke ataelewa mara moja. Uta wavutwa, kamba yauzungusha msukano mbele, kisha wauzungusha nyuma. Ulaya katika zama za kati fundi alifunga kamba kwenye ufito mrefu juu ya kichwa chake, akakanyaga kwa mguu. Alipoachia, ufito ulinyanyuka na kuirudisha kamba. Basi kila mara nusu ya mwendo ilipotea bure, kwa kuwa patasi hukata kitu kikija upande wake tu. Leonardo da Vinci, mwishoni mwa karne ya 15, alichora keezo yenye gurudumu zito na mkono wa kukanyagia, inayozunguka upande mmoja bila kurudi nyuma.

Sasa tutazame jinsi kitu kilivyoshikwa katika keezo hizo za kale. Kilisimamishwa kati ya ncha mbili za chuma, moja huku na moja huku, zikaingia katika vishimo vidogo vilivyotobolewa kwenye ncha zake. Njia hii ni rahisi, tena ni ya kweli mno. Vishimo vikisha kutobolewa, fundi aweza kukitoa kitu, akaenda kula, akakirudisha kesho yake, nacho kitazunguka palepale kilipozunguka jana. Mpaka leo, fundi atakaye mti wa chuma ulio sawa kabisa toka mwanzo hata mwisho huusimamisha kati ya ncha mbili kama alivyofanya yule wa Misri.

Lakini ncha mbili zina kasoro moja kubwa. Zimeziba njia pande zote mbili. Utatoboaje bakuli, au kikombe, au tundu la gurudumu, na hali mdomo wake umezibwa na ncha ya chuma? Mkereza bakuli wa Ulaya aliacha kisiki katikati, akachonga kukizunguka, na mwisho akakikata kwa kisu. Kwa bakuli la uji jambo hilo halina neno. Kwa silinda ya mashine ya mvuke halifai hata kidogo. Ilibidi ipatikane njia ya kukishika kitu kwa upande mmoja tu, na upande wa pili ubaki wazi.

Njia ya kwanza ilikuwa ya mti. Mhimili wa keezo ulitengenezwa parafujo kwenye ncha yake, na juu ya parafujo ile fundi alizungushia gogo dogo la mti mgumu. Kisha, gogo likizunguka, alilichimba tundu kama kikombe, na ndani ya kikombe hicho alikipigilia kitu chake kwa nyundo. Fikirini jambo hili, maana lina hekima kubwa kuliko lionekanavyo. Kikombe kile hakikutiwa katikati kwa kupima wala kwa kukisia. Kilichimbwa na keezo ileile, kikizunguka juu ya mhimili uleule; basi hakikuwa na budi kukaa katikati. Neno chaki, ambalo mafundi wa karakana hulitumia kwa kifaa cha kushikia (nalo lisichanganywe na chaki ya kuandikia ubaoni), latoka kwenye vigogo hivyo. Katika kitabu cha Mwingereza Joseph Moxon, toleo la mwaka wa 1703, laandikwa *chocks*. Kufikia 1807 limekwisha kuwa *chuck*. Sisi katika mazungumzo haya tutakiita kifaa hicho koleo ya keezo, ili msidhani twazungumza habari za darasani.

Taabu ya kikombe cha mti ilikuwa hii, kwamba kila ukubwa wa kitu ulitaka kikombe chake. Karakana ya mkereza ilijaa vikombe, rafu juu ya rafu. Tena mti hupasuka, hunywa maji na kuvimba, hukauka na kulegea, na kitu kilichopigiliwa vibaya huruka kikamkabili fundi usoni.

Wakati huo kukereza kulikuwa pia mchezo wa wakuu. Charles Plumier, mtawa wa Kifaransa, alitoa kitabu kizima cha sanaa hiyo huko Lyon mwaka wa 1701. Mfalme Petro Mkuu wa Urusi alipenda keezo kupita kiasi, akamweka Andrey Nartov, aliyezaliwa 1693 na kufa 1756, awe fundi wake. Na Nartov aliunda keezo ambazo patasi yake ilishikwa na mashine yenyewe, wala si mkono wa mtu. Kwa ajili ya mabwana hao zilibuniwa koleo za ajabu, kwa mfano ile isogezayo kitu kando kidogo kila kizungukapo, hata kikatoka na umbo la yai badala ya duara. Walikereza pembe za ndovu, visanduku na vitu vya kupambia meza. Vyapendeza, lakini havikumlisha mtu wala kumvusha mto. Hata hivyo si haki kuwacheka, maana mengi yaliyotumika baadaye katika chuma yalijaribiwa kwanza katika pembe.

Mambo yalibadilika mashine za mvuke zilipoanza kutaka vipande vingi vya chuma vilivyo sawasawa. Henry Maudslay, aliyezaliwa Woolwich, Uingereza, mwaka wa 1771, karibu na mwaka wa 1800 aliunda keezo ya chuma tupu, yenye kitanda cha chuma, kishikio cha patasi kinachotembea juu yake, na parafujo ndefu ya kukiongoza kishikio hicho. Mkono wa mtu ukaondolewa kwenye makali. Lakini keezo ikiwa imara na patasi ikiwa imara, kinachobaki kulegea ni nini? Ni kile kitu chenyewe. Mashine kubwa hukata kwa nguvu, na nguvu hiyo yote humwangukia yule anayekishika kitu. Kikombe cha mti kilikuwa kimefika mwisho wake.

Basi mwisho wa mwaka wa 1818 au mwanzo wa 1819, chama kimoja cha London cha kuendeleza sanaa na viwanda kilimtuza Alexander Bell nishani ya fedha na gini 10 kwa ajili ya koleo yenye vishikio vitatu, vilivyopangwa kama pembe tatu zilizo sawa, navyo husogea pamoja kwenda katikati au kutoka katikati. Katika mwaka huo wa 1819 chama hicho kilimtuza na T. Hack kwa koleo ya taya nne. Ng'ambo ya bahari, huko Connecticut katika Marekani, Simon Fairman alipewa hati ya uvumbuzi mwaka wa 1840 kwa koleo inayofanana sana na zile tunazozitumia hata leo. Mkwewe Austin Cushman akaiendeleza, na yapata mwaka wa 1862 alikuwa akiiuza kwa wenye karakana. Tangu hapo kijana mwanagenzi aliweza kufanya kwa nusu dakika kazi ambayo fundi wa zamani aliifanya kwa saa nzima na kikombe cha mti.

Koleo hiyo yafanyaje kazi? Twaomba mtufuate polepole, maana bila picha yataka fikira. Ni sahani nene ya chuma, nayo imefungwa kwenye ncha ya mhimili. Usoni pake mna njia tatu zilizonyoka, zitokazo katikati kwenda ukingoni, na katika kila njia mna taya moja. Nyuma ya taya hizo, ndani ya koleo, imefichwa sahani ya pili, na juu yake umechongwa mfuo mmoja mrefu unaozunguka kutoka nje kuja ndani, kama jongoo aliyejikunja baada ya kuguswa. Kila taya ina meno mgongoni, na meno hayo yameingia ndani ya mfuo. Fundi atiapo ufunguo ubavuni na kuuzungusha, gurudumu dogo la meno huizungusha sahani ya ndani. Mfuo huzunguka, na kwa kuwa taya haziwezi kuzunguka pamoja nao, hulazimika kufuata njia zao kuja katikati. Mfuo ni mmoja, basi taya zote tatu huja kwa mwendo mmoja. Hapana hata moja iwezayo kutangulia.

Hapa pana jambo ambalo mwanagenzi hulijua kwa kuaibika. Taya zimeandikwa 1, 2 na 3, na njia zake vilevile. Mtu husema, Taya ni taya, nitazitia nipendavyo. Lakini mfuo hausimami mahali pamoja. Utokapo njia ya kwanza kufika ya pili, umekwisha kusogea theluthi moja ya upana wa mzunguko wake. Kwa hiyo meno ya taya ya pili yamechongwa yakiwa yamesogea theluthi, na ya tatu theluthi mbili. Ukizichanganya, hazitakutana katikati, hata ukiuzungusha ufunguo mpaka jua lituchwe.

Kwa nini taya tatu, wala si mbili au tano? Mwanafunzi aliyesoma jometri anajua kwamba nukta tatu zisizo katika mstari mmoja hutosha kuonyesha duara moja, wala haliwezekani la pili. Ukikishika kitu cha mviringo kwa nukta mbili, chaweza kuteleza upande. Ukikishika kwa tatu, hakina pa kwenda. Mafiga ni matatu kwa sababu iliyo jirani na hiyo: chungu juu ya mafiga matatu hutulia hata kama sakafu ina mashimo, lakini meza ya miguu minne hucheza.

Hata hivyo, koleo ya taya tatu haisemi kweli yote. Mfuo ule, kadiri uingiavyo ndani, ndivyo unavyozidi kupinda. Lakini meno ya taya yana umbo moja tu. Kwa hiyo hayalali sawasawa juu ya mfuo, bali huugusa mahali padogo, na mahali hapo huliwa. Koleo mpya ya kawaida yaweza kukosea katikati kwa sehemu 5 hadi 10 katika sehemu 100 za milimita. Kwa mguu wa kiti si kitu. Kwa mhimili wa mashine ni makosa makubwa. Fundi mwerevu hujua la kufanya. Hukishika kitu mara moja, na pasipo kukifungua huchonga nje, hutoboa ndani, na husawazisha uso. Yote aliyoyakata katika mshiko mmoja yamekatwa kuuzunguka mhimili mmoja, basi yatalingana, ijapokuwa koleo ilikosea mwanzo. Akikifungua na kukigeuza kabla ya kumaliza, makosa ya koleo huingia ndani ya kazi yake, na hayatoki.

Koleo ya taya nne ni nyingine kabisa. Humo kila taya ina parafujo yake, wala haina habari na wenzake. Yashika kitu cha pembe nne, kitu kisicho na umbo la kusemeka, hata kitu kinachotakiwa kutobolewa kando ya katikati kwa makusudi. Lakini haijui katikati; ni juu ya fundi kuitafuta. Hapa ndipo ile chaki ya kuandikia inapopata kazi karakanani. Mhimili ukizunguka polepole, fundi husogeza kipande cha chaki karibu na kitu mpaka kiguse. Palipochomoza pataandikwa weupe. Husimamisha mashine, hulegeza taya iliyo mkabala na weupe, hukaza ile iliyo upande wa weupe, kisha hujaribu tena. Akitaka uhakika zaidi, hutumia saa ya kupimia yenye mshale, iliyogawanywa katika sehemu 100 za milimita. Na wengi hukosa hesabu hapa. Mshale ukicheza sehemu 20 kati ya upande wa juu na upande wa chini, kitu hakiko kando kwa sehemu 20 bali kwa 10, maana upande mmoja umeongezeka kwa kiasi kilekile ambacho wa pili umepungua. Asiyejua hilo atasogeza mara mbili ya inavyotakiwa, na kazi itamrudisha nyuma kutwa nzima. Sisi twaona kwamba taya nne ndizo zinazomfundisha kijana ufundi, na taya tatu humrahisishia kazi alipokwisha kufundika.

Sasa kuhusu kushika kwenyewe. Taya hazikifungi kitu kwa msumari. Hukishika kwa msuguano tu, kama vidole vishikavyo chupa. Nguvu ya mkono juu ya ufunguo huongezwa mara nyingi na mteremko mdogo wa mfuo, kama vile kabari inavyoongeza nguvu ya nyundo. Na kwa kuwa mteremko ule ni mdogo, kitu hakiwezi kuzisukuma taya zikarudi nyuma; fundi akiutoa ufunguo, koleo hubaki imekaza.

Lakini kukaza sana nako kuna hasara yake. Bomba jembamba likibanwa na taya tatu huminywa kidogo mahali patatu, jicho lisione. Fundi hulitoboa ndani, tundu likawa duara safi kabisa. Kisha hulegeza koleo, bomba hurudia umbo lake, na tundu lile lililokuwa duara sasa lina pande tatu zilizovimba. Mashine haikukosa, wala patasi. Kitu kilikuwa kimenyongwa wakati kinapopimwa.

Kisha pana hatari ya mwendo. Kila kizungukacho hutaka kukimbia katikati, kama jiwe katika teo. Taya za koleo nazo hutaka kukimbia, na kadiri zinavyovutwa nje ndivyo zinavyolegea kwenye kitu. Taya yenye uzito wa kilo moja, ikiwa sentimita 8 kutoka katikati, kwa mizunguko 1,500 kila dakika huvutwa nje kwa nguvu iliyo karibu na uzito wa kilo 200. Mtu hudhani mwendo ukizidishwa mara mbili nguvu nayo itazidi mara mbili. Sivyo, huzidi mara nne, ikawa kilo 800 hivi. Ndiyo sababu watengenezaji wengi huandika juu ya koleo mwendo usiopaswa kupitwa, na maandishi hayo si pambo.

Tena kuna ufunguo. Ufunguo ukisahauliwa ndani ya koleo na mashine ikaanza, huruka usijulikane waelekea wapi, na waliopigwa nao wamevunjika mifupa ya uso. Katika karakana njema kijana hufundishwa sheria hii kabla hajafundishwa kukata: mkono usiuache ufunguo maadamu ungali ndani ya koleo. Hauwekwi, hauachwi kidogo, hata mtu akiitwa na mkubwa wake. Siku hizi ziko funguo zenye springi inayozisukuma zitoke zenyewe. Na mikono mirefu ya kanzu, glavu, na kitambaa cha kufutia mafuta havina nafasi karibu na kitu kizungukacho, kwa kuwa koleo haitofautishi nguo na mkono ulio ndani yake.

Koleo nyingine zilifuata. Mafundi saa, ambao vitu vyao ni vidogo kuliko punje ya mtama, hutumia bomba dogo lililopasuliwa kwa urefu, likivutwa ndani ya tundu la mteremko hujifunga pande zote sawasawa, na hukishika kitu bila kukitia jeraha. Mwaka wa 1902 Arthur Jacobs wa Marekani alipata hati kwa koleo ya kushikia kekee, yenye taya tatu nyembamba ziletwazo pamoja na pete ya nje, nayo ndiyo mwionayo leo kwenye mashine ya kutobolea ya seremala yeyote mjini. Katika viwanda vikubwa taya husukumwa kwa hewa iliyoshindiliwa au kwa mafuta, na keezo huongozwa na kompyuta.

Hata huko, fundi atakapo usahihi wa mwisho hufunga juu ya koleo taya za chuma laini ambazo hazijachongwa umbo. Huzikaza juu ya pete, huiendesha mashine, na kuzichimba palepale zilipo, mpaka zipate ukubwa wa kitu anachotaka kukishika. Taya hizo hukaa katikati kwa sababu ileile iliyokiweka katikati kikombe cha mti cha mkereza wa zamani. Naye akimaliza kazi ile huzitoa, huziandika namba, na kuziweka rafuni pamoja na nyingine.